Kabla ya Kung'oa Injini ya Land Rover ya Zamani

Mazungumzo na wamiliki wa magari wa Kata ya Nyanungu, Wilaya ya Tarime



Tumeombwa tuzungumze juu ya swali moja tu, nalo ni hili: Land Rover ya zamani ikiwa injini yake imechoka, je, mwenye gari aifumue na kuitengeneza ileile, au aing'oe na kuweka nyingine? Swali hili aghalabu hujibiwa gereji, na anayelijibu ni yule atakayelipwa kwa kazi hiyo. Sisi tumekuja kusema kwa upande wa anayelipa.

Tuseme msimamo wetu mapema ili msikilizaji aupime jinsi tunavyoendelea. Kwa sehemu kubwa ya magari ya namna hii, injini ya asili isihukumiwe kufa mpaka imepimwa. Na ikishapimwa ikaonekana imekufa kweli, injini ya kwanza kufikiriwa iwe ya ukoo uleule. Injini ya kampuni nyingine ina mahali pake, lakini ni pembamba kuliko inavyosemwa gereji.

Jambo hili lina uzito kwa sababu gari la namna hii huku kwetu si pambo. Mwezi Oktoba 2024 Arusha palifanyika tamasha la Land Rover, wamiliki wakapanga magari yao barabarani, na watu wakashangilia kuona gari la babu likitembea. Ni furaha halali. Lakini Land Rover ya Nyanungu haiishi kwa kushangiliwa. Mvua za masika zikinyesha na njia ya mlimani ikageuka matope, ndiyo inayoshusha magunia ya mahindi, na ndiyo inayoamshwa usiku mama mjamzito anapotakiwa kufikishwa hospitali. Mwenye nalo akikosea uamuzi, hasara haimpati peke yake. Tena fedha za kazi hii mara nyingi hutoka zizini. Ng'ombe akishauzwa kwa ajili ya injini isiyokaa sawasawa, harudi.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu asiliuze gari la zamani akanunua jipya zaidi. Jibu mnalo mfukoni. Gari lililotumika, likiagizwa kutoka nje, hulipiwa ushuru, na likiwa na umri mkubwa huongezewa ushuru wa uchakavu. Tena gari la kisasa lenye kompyuta likizima bondeni halimsubiri fundi mwenye spana. Humtaka fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Kwa hiyo kushikilia Land Rover ya zamani si ukaidi. Ni hesabu, na kwa wengi ni hesabu iliyo sahihi.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ina uhaba wa chuma baada ya vita. Kwa sababu hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, ilhali chesisi ilibaki ya chuma. Habari hii inaonekana kama ya vitabuni, lakini ina faida kwa mnunuzi. Bodi ya aluminiamu hubonyea bila kuliwa na kutu, ikamdanganya mwenye gari kwamba gari zima ni zima, huku chini chesisi inaoza taratibu kwa matope yaliyokaa ndani yake. Basi kabla ya kuzungumza habari ya injini, ingia uvunguni na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote, hasa sehemu ya nyuma na mahali springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti ya kifuu, na pengine nyundo huzama. Injini njema juu ya chesisi iliyooza ni fedha iliyotupwa, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujauliza.

Chesisi ikiwa nzima, tuulize: injini imekufa kwa ugonjwa gani? Mwenye gari husema, "Haina nguvu." Nguvu hupotea kwa sababu nyingi, na nyingine hazihitaji hata kufungua injini. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara zetu huinyima injini pumzi, ikatoa moshi mweusi. Nozeli zilizochoka hutoa moshi mweusi vilevile. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua, na hapo ndipo ringi, silinda au vali hushukiwa. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto waweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda kwa gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka; waweza pia kuwa dizeli isiyoungua kwa sababu pampu imekosewa majira. Haya ni maradhi mbalimbali yenye gharama mbalimbali, na anayeyatibu yote kwa dawa moja ya kung'oa injini anakutoza bei ya dawa kubwa kwa homa ndogo.

Tusisahau pia urefu wa nchi yetu. Nyanda za juu za Tarime zimepanda mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyowekwa katika Land Rover za Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 62. Hapa Nyanungu, hata ingekuwa mpya kabisa, haitazidi sana 53. Kwa hiyo mwenye gari anayelalamika kwamba gari lake linapanda mlima polepole huenda halina ugonjwa wowote. Lilizaliwa hivyo, na mlima ni uleule.

Kipimo kinachokata shauri ni cha mgandamizo, ambacho mafundi hukiita kompresheni. Kila silinda hupimwa peke yake, injini ikiwa na joto, na namba zote huandikwa. Injini ya dizeli hudai kifaa chake maalumu, kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa petroli. Fundi akija na kifaa cha petroli, mwambie asijisumbue. Silinda zote zikiwa karibu sawa na ziko juu, injini yako inaishi. Moja ikiwa chini na nyingine nzuri, tafuta ugonjwa wa hiyo moja. Zote zikiwa chini, na ukifungua kifuniko cha oili injini inapounguruma ukaona inapumua moshi kwa nguvu kama chungu kinachochemka, hapo ndipo neno la kufumua injini linapokuwa na haki. Lipia kipimo hiki kama kazi inayojitegemea, upewe namba zako kwenye karatasi, na ikiwezekana kifanywe na fundi asiyetarajia kupata kazi inayofuata. Ni gharama ndogo kuliko zote tutakazozitaja leo, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Tukiwa hapo, turuhusuni tuseme kidogo juu ya desturi ya kutoa thamostati. Gari likichemsha, thamostati hutolewa na kutupwa, na kwa siku chache mambo huonekana mazuri. Lakini asubuhi za milimani ni za baridi, na injini isiyo na thamostati hutembea muda mrefu bila kufikia joto lake, oili ikiwa nzito na chuma kikisuguana. Ugonjwa wa rejeta iliyoziba unabaki palepale, na mwingine umeongezwa. Injini kadhaa zinazosemwa zimekufa kwa uzee zimekufa kwa desturi hii.

Tuseme sasa kwamba kipimo kimetoa hukumu na injini haina budi kushughulikiwa. Njia ya kwanza ni ovahoo, yaani kuifumua yote: kuchonga silinda, kuweka pistoni na ringi za kipimo kipya, kusaga kranki, kubadili beringi na gasketi, kurekebisha silinda hedi, na kuipeleka pampu kwa fundi wa pampu. Injini ya lita 2.25 inavumilia kazi hii kwa hiari. Hedi yake ni ya chuma, majira yake yanaendeshwa na mnyororo badala ya mkanda, na hakuna sehemu yake inayohitaji kompyuta. Sharti ni moja: mashine ya kuchongea iwe nzuri na mchongaji ajue kazi yake. Usikubali silinda zichongwe kabla pistoni mpya hazijafika mkononi, kwa sababu silinda huchongwa ifuate pistoni iliyopo, na si pistoni inayotarajiwa.

Ovahoo hurudisha nguvu ilizokuwa nazo injini tangu kiwandani, haiongezi. Ikiwa shida yako ni kwamba hata mpya isingetosha mzigo wako, basi tunaingia njia ya pili, nayo ni injini ya ukoo uleule. Hapa watengenezaji wa Land Rover walimwachia mwenye gari neema ambayo wengi hawaijui. Injini ya lita 2.25 ilizaa ya lita 2.5, na hiyo ikazaa 200Tdi iliyoingia kwenye Defender mwaka 1990. Dizeli ya lita 2.5 isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 67, hukaa mahali pa ile ya 2.25 karibu bila kubadili kitu. 200Tdi nayo, yenye tabo na nguvu za farasi 107, huingia kwa marekebisho machache, kwa kuwa mikono yake ya kushikia na sehemu ya kuungana na gia boksi hufuata mpango wa wazazi wake. Na kwa kuwa ina tabo, hewa nyepesi ya milima yetu haiinyang'anyi nguvu kwa kiasi kilekile. Tahadhari moja kwa mnunuzi: 200Tdi iliyotolewa kwenye Discovery ina tabo iliyokaa chini, ambayo kwenye Series hugombana na chesisi, ile ya Defender tabo yake iko juu. Zote mbili huitwa jina moja sokoni. Kuhusu 300Tdi ya mwaka 1994, ni injini nzuri yenye nguvu za farasi 111, lakini mikono yake na nyumba ya flaiwili ni tofauti, hivyo ukaribu wake wa kiukoo usikudanganye kwamba itaingia kwa urahisi uleule.

Hatusemi Tdi hazina kasoro. Hedi yake ni ya aluminiamu, na ikichemshwa mara moja tu kwa uzembe hupinda au kupasuka. Majira yake yanaendeshwa na mkanda wa mpira, na mtengenezaji mwenyewe alishauri mkanda huo ubadilishwe mapema zaidi mahali penye vumbi na joto. Ukikatika, vali hugonga pistoni. Mwenye 200Tdi ya mtumba asiulize mkanda una umri gani. Aununue mpya siku hiyohiyo ya kufunga injini.

Njia ya tatu ndiyo inayozungumzwa kwa sauti kubwa: kuweka injini ya Toyota, Nissan au Isuzu. Maneno yake ni matamu, na yana ukweli ndani yake. Spea za injini ya Hiace zinapatikana karibu kila mji mdogo. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na ujazo wa sentimeta 4,164, imejipatia heshima yake kwa haki tangu 1990. Lakini hebu tuzipime kwa kazi. Injini ya 3L iliyomo kwenye Hiace na Hilux ina ujazo wa lita 2.8, haina tabo, na nguvu zake ni za farasi 90 hivi. Nguvu yake ya kuzungusha, ambayo ndiyo inayopandisha mzigo mlimani, haifiki niutoni mita 200. Ya 200Tdi ni 255. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kulipa fedha za kutengenezewa bamba la kuunganishia, mikono mipya na mabomba mapya, akapata injini inayovuta chini ya ile ambayo ingeingia kwa kazi ndogo. Amenunua upatikanaji wa spea, jambo ambalo lina thamani yake. Asiambiwe kwamba amenunua nguvu.

1HZ kweli ina nguvu. Nayo ni ndefu na nzito. Rejeta husogezwa mbele, springi za mbele huinama na hudai kubadilishwa, na mzigo wote wa nguvu hizo hushuka kwenye gia boksi na ekseli ambazo hazikukusudiwa kwa injini ya ukubwa huo. Series III inajulikana kwa ekseli zake za nyuma kukatika hata kwa injini yake yenyewe, dereva akiwa na mguu mzito. Mwenye 109 anayeweka silinda sita asishangae akianza kununua ekseli kama anavyonunua oili. Kwa mwenye Land Cruiser ya zamani ya petroli hesabu ni nyingine: 1HZ kwake ni ndugu wa ukoo, na hapo ushauri wetu wa njia ya pili ndio unaomhusu, ingawa nayo si injini ya kuingia bila mikono kurekebishwa.

Tunaomba msikilize kwa makini habari ya breki, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena fedha. Magari yenye busta ya breki, ile inayomsaidia dereva kukanyaga, hutegemea mvuto wa hewa, yaani vakyumu. Injini ya petroli hutoa mvuto huo yenyewe inaponyonya hewa. Injini ya dizeli haitoi. Ina pampu ndogo ya vakyumu ya kufanya kazi hiyo, na kwa injini nyingi za Japani pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Sasa fikirini injini ya mtumba imekuja bila altaneta yake, fundi akatafuta altaneta yoyote inayotoa umeme, akaifunga. Taa zinawaka, betri inachaji, gari linaunguruma vizuri, mwenye gari anafurahi na kulipa. Siku ya kwanza akiwa na mzigo kwenye mteremko, anakanyaga breki na kukuta pedali ni ngumu kama jiwe. Gari lililoongezewa nguvu ya kwenda limepunguziwa nguvu ya kusimama. Kwa hiyo uliza kwa kinywa chako: pampu ya vakyumu iko wapi? Uonyeshwe kwa kidole. Kisha fanya jaribio hili rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uishikilie hapo kwa mguu, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta inapata mvuto. Isiposhuka, gari lisitoke gereji. Tena, Series zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Anayeziongezea injini ya farasi 107 atenge fedha za breki kwenye bajeti ileile, siyo mwaka ujao.

Kuna na umeme. Injini nyingi zilizotolewa kwenye malori ya Japani, na hata baadhi ya Land Cruiser za soko la Japani, hutumia volti 24, ilhali Land Rover ya kiraia hutumia 12. Mota stata, altaneta na hita za kuwashia zitahitaji kubadilishwa, na hizo hazimo kwenye bei uliyotajiwa.

Ndiyo maana tunasema bei ya injini si bei ya kazi. Mwulize fundi akuandikie kila kitu kinachoguswa: mikono, bamba, klachi, rejeta na mipira yake, bomba la moshi, mabomba ya dizeli, waya, springi, breki, na siku za kazi. Peleka maelezo hayohayo kwa mafundi watatu. Kisha uliza kila mmoja swali moja: gari la aina yangu ulilolibadilisha injini kama hii liko wapi, na mwenyewe ninaweza kuzungumza naye? Fundi aliyeifanya kazi hiyo kweli atakuelekeza bila kusita. Asiyekuwa na gari la kukuonyesha anataka kujifunza kwa fedha zako.

Wengine hubadili injini kwa ajili ya mafuta, kutoka petroli kwenda dizeli. Hiyo ni hesabu ya darasani. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 huenda takriban kilomita 6 kwa lita. 200Tdi takriban 10. Gari linalotembea kilomita 100 kwa wiki litaokoa karibu lita 350 kwa mwaka. Linalotembea kilomita 20 kwa wiki litaokoa lita 70 tu. Chukua bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi, fanya hesabu yako, kisha gawanya gharama yote ya kubadili injini kwa akiba ya mwaka mmoja. Jibu likiwa miaka 15, unalo jibu.

Injini ya mtumba inunuliwe vipi? Kwanza isikilizwe ikiunguruma, tangu ikiwa baridi. Muuzaji akikupokea na injini iliyokwisha kupashwa joto, rudi kesho asubuhi. Ipimwe kompresheni mbele yako. Iwe na altaneta yake, stata yake, pampu yake na mikono yake. Injini iliyooshwa ikang'aa si lazima iwe njema. Uchafu wa kawaida husema ukweli kuhusu mahali oili inapovuja. Na zaidi ya yote iwe na karatasi: risiti ya EFD, jina la muuzaji, na namba ya injini iliyoandikwa kwenye risiti hiyo. Namba hiyo imegongwa kwenye bloku. Ikiwa imesuguliwa, imechomelewa juu, au haisomeki, acha. Huenda injini hiyo imetoka kwenye gari la mtu aliyeamka asubuhi hakuliona.

Kwa sisi tulio jirani na mpaka, vishawishi ni vingi, maana ng'ambo ya pili kuna maduka na bei zinazovutia. Lakini injini iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa zao la Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Isebania au Migori. Ulizeni forodha Sirari kabla ya kulipa, mjue ushuru na nyaraka. Injini iliyopitishwa njia za panya haina risiti, na isiyo na risiti haina wa kumdai itakapokufa baada ya wiki mbili.

Tunafika kwenye kadi ya gari. Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017, mambo ya injini hayaihusu tena serikali. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA ina namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Ukibadili injini, kadi inasema uongo mpaka irekebishwe. Gari hukaguliwa na polisi wa usalama barabarani, na taarifa mpya hupelekwa TRA pamoja na risiti ya injini. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi. Isipoarifiwa, ina hoja mkononi siku ya ajali. Anayeahirisha mambo haya huja kuyakuta siku anapouza gari, mnunuzi akiwa na fedha mezani na namba za kadi hazifanani na za bloku.

Injini yako ya zamani, je? Katika makubaliano mengi haitajwi, na mwisho wa kazi hubaki gereji. Ni mali yako. Ina namba iliyo kwenye kadi ya kwanza ya gari; bloku yake inaweza kuchongwa siku nyingine; na Land Rover iliyo na injini yake ya asili, hata kama imewekwa ghalani, ina mnunuzi wa aina yake ambaye hulipa zaidi kwa sababu hiyo. Kama fundi anaitaka, aseme bei, na bei hiyo ipunguzwe kwenye malipo yake.

Yote haya yaandikwe. Mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili unatosha: gari lipi, kazi ipi, injini ipi kwa namba yake, nani analeta spea, bei ya kila kitu, siku ya kumaliza, na muda ambao fundi atawajibika kwa kazi yake. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho isitolewe mpaka gari limejaribiwa likiwa na mzigo, mlimani na mteremkoni, kisha likakaa usiku na kuwashwa asubuhi likiwa baridi. Mashahidi wawepo, na ofisi ya mtendaji wa kijiji iwe na nakala. Fundi mwema hataona haya kuwa ni dharau. Yanamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayesahau alichoagiza.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa na ubora wa bidhaa au huduma, nayo haikuwaacha mafundi wala wauza spea. Aliyeuziwa injini kwa maneno ya uongo, au beringi bandia ndani ya boksi lenye jina kubwa, aanze kwa kumwandikia muuzaji barua na kumpa siku za kurekebisha. Asipojibu, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, na madai ya fedha Mahakama ya Mwanzo. Barua ya malalamiko iambatane na nakala ya mkataba, risiti ya EFD, namba za kompresheni zilizopimwa kabla na baada ya kazi, picha ya namba ya injini ilivyo kwenye bloku, na spea mbovu yenyewe ikiwa ndani ya boksi lake. Spea hiyo msiirudishe dukani bila kuandikiwa kwamba imepokelewa.